Mwalimu wa Kwaya na Mstari wa Nyuma

Sikilizeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mfano huu haupendi kukatizwa.

Palikuwa na usharika mmoja huko milimani kwenye baridi, kunakolimwa viazi na ngano. Usharika ulikuwa na kwaya, kwaya ilikuwa na mwalimu, na mwalimu alikuwa na maringo. Msimhukumu mapema. Kazi yake aliijua. Solfa alizisoma kama nyinyi mnavyosoma sura za majirani, na sauti ikiteleza kidogo tu angekuonyesha na meno ya aliyeiangusha. Miaka kumi na tisa aliiongoza kwaya ile, na mara nne kwenye tamasha la dayosisi alitoka wa pili. Wa mwisho hana shida, amekwisha kujizoelea. Wa pili ndiye anayeteseka, maana aliuona mlango ukiwa wazi na bado akaugonga kwa paji la uso.

Mwaka ule akatangaza mbele ya mchungaji na wazee wa usharika kwamba safari hii ni nafasi ya kwanza, la sivyo anaweka kijiti chake chini na hataongoza tena maisha yake yote. Nani alimtuma kusema hivyo? Hakuna. Lakini alisema, na wazee wakaandika.

Sasa, kwaya yenyewe. Palikuwa na binti wa sauti ya kwanza ambaye akipanda juu mabati yanajibu, na akishuka anageuza macho kuona nani amesikia. Palikuwa na binti wa pili, naye wa sauti ya kwanza, na hao wawili hawakuwa wakisalimiana tangu siku mmoja aliposhona kilemba kama cha mwenzake. Palikuwa na fundi baiskeli aliyeimba sauti ya tatu, kijana mzuri mwenye hasira za bure, ambaye aliacha kwaya kila mwezi kama watu wengine wanavyonyoa nywele. Angetupa karatasi ya wimbo chini, aseme asionwe tena hapo, atoke na mlango aubamize. Jumamosi inayofuata, saa tisa, yuko kwenye nafasi yake anasafisha koo. Mabinti nao vivyo hivyo. Walitukanana Jumapili, Jumamosi wako bega kwa bega.

Mwalimu hakuwahi kujiuliza kwa nini. Nyinyi mmewahi kujiuliza kwa nini kesho yake mtu yule yule mliyegombana naye yupo tena kanisani, benchi lile lile?

Aliyejiuliza alikuwa mpiga kinanda. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia shule ya sekondari, mtu wa maneno machache, na mara nyingi alicheka peke yake. Siku moja baada ya mazoezi, fundi baiskeli akiwa ametoka tu kwa kubamiza mlango, mpiga kinanda alimwambia mwalimu kwamba kwaya yake inamkumbusha mambo ya nyota. Mwalimu akafikiri anasifiwa, akakaa vizuri asikie.

Mpiga kinanda akamweleza. Nyota hazikumwagwa ovyo angani kama mtama wa gunia lililotoboka. Zimekusanyika makundi makundi, na kundi moja linaitwa galaksi, na kila galaksi inazunguka. Watu wenye darubini kubwa walipima mwendo wa nyota za pembeni wakakuta zinakwenda mbio kupita kiasi. Wakajumlisha uzito wa vyote vinavyoonekana mle, wakakuta hautoshi kuzishika. Kwa mbio zile zilipaswa kuwa zimerushwa zamani, kama tope linavyorushwa na gurudumu la baiskeli. Nazo hazijarushwa. Basi wakasema, kuna uzito mwingine humo ndani tusiouona. Hautoi mwanga na wala hauuzuii, mwanga unaupitia kana kwamba hakuna kitu. Wakauita maada ya giza.

Mwalimu akauliza kama hiyo maada iliingia baadaye, nyota zikiwa tayari zimepangwa. Mpiga kinanda akasema ni kinyume chake, hiyo ndiyo iliyotangulia. Hapo mwanzo kila kitu kilikuwa kimesambaa karibu sawasawa, kama uji uliokorogwa na mtu mwenye subira. Ile gesi ambayo baadaye ingekuwa nyota ilikuwa ya moto, inasukumwa na mwanga huku na huku, haiwezi kutulia mahali. Ya giza haisukumwi na mwanga. Ikaanza kujikusanya yenyewe taratibu, palipozidi kidogo pakazidi tena, mpaka yakawa kama mabonde. Gesi ilipopoa ikateremkia kwenye mabonde hayo, ikajazana, ikajibana, ikawaka. Zile nyota tunazozisifu ziliwaka ndani ya bonde ambalo zilikuta limekwisha kuchimbwa.

"Ndipo nikawa najiuliza," akasema mpiga kinanda. "Hawa watu wako, kwa hasira walizo nazo, walipaswa kuwa wametawanyika zamani. Nani anawashika?"

Mwalimu alifikiri kwa muda ambao ungetosha kuvua kiatu kimoja. Kisha uso ukamng'aa.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Akaeleza na sababu. Yeye haimbi, sauti yake haisikiki popote kwenye wimbo. Yeye watu wanamwona mgongo tu. Lakini akiinua mkono wote wanavutwa, na akiushusha wote wananyamaza. Mpiga kinanda alimtazama, akakitazama kinanda, akakifunika kitambaa chake, akaenda nyumbani.

Zikabaki wiki sita kabla ya tamasha, na gari likapatikana. Lilikuwa Kosta la viti ishirini na nane, na kwenye barabara ile askari wa usalama hawataki kuona kichwa cha mtu aliyesimama. Waimbaji walikuwa thelathini na watano, na mwalimu na mpiga kinanda juu yao. Watu tisa lazima wabaki.

Mwingine angepiga kura. Mwalimu alisema atachagua kwa haki, kwa sikio. Aliwaambia waimbe wimbo wa shindano tangu mwanzo, naye akawa anapita kati ya mistari, ameinamisha kichwa, anasikiliza kila mdomo kama mnunuzi anayegonga chungu. Alipita kwa sauti ya kwanza akatikisa kichwa kwa furaha. Alipita kwa sauti ya tatu na besi, akaridhika. Alipofika mstari wa nyuma, kwa akina mama wa sauti ya pili, akasimama. Akainama zaidi. Walikuwa wanaimba, midomo ilikwenda, lakini hakuna aliyetokeza. Sauti tisa zilikuwa zimeyeyukiana kama chumvi kwenye mchuzi, huwezi kusema hii ni ya huyu. Na walikuwa watu wazima, mdogo wao alikuwa na wajukuu wanne. Tisa kamili. Mwalimu aliona Mungu mwenyewe amemfanyia hesabu.

Baada ya mazoezi akawaita pembeni. Alisema maneno mengi mazuri ya kuwashukuru kwa moyo wao, yale maneno ambayo mtu akiyasikia anajua amekwisha kuachwa. Mkubwa wao, bibi mmoja mfupi mwenye viganja vigumu kama kwato, alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Kwa hiyo Jumamosi tusije?" akauliza.

"Mpumzike tu, mama. Mmetumika sana."

"Haya, baba."

Wakafua sare, wakazipiga pasi, wakazirudisha ofisini Jumatatu. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyekwenda kwa mchungaji. Mwalimu alitegemea maneno, yasipokuja akaona ajabu kidogo, kisha akasahau.

Jumamosi ya kwanza kwaya ilisikika kali kama kisu kipya. Mwalimu akasugua mikono. Jumamosi ya pili walianza wimbo mahali pake, wakaumaliza mahali pengine. Walikuwa wanapanda. Binti wa kwanza anavuta juu kumshinda wa pili, wa pili anamfuata, fundi baiskeli anawakimbilia wote wawili, na katikati hapana kitu cha kuwaambia tulieni hapa. Mpiga kinanda alibonyeza kidole kimoja kuonyesha walikoanzia, na palikuwa mbali hata binti wa kwanza mwenyewe akaona haya. Mwalimu akasema ni uchovu.

Jumamosi ya tatu mabinti waligombana kuhusu nani asimame katikati, ugomvi mdogo, mdogo kuliko ule wa kilemba. Mmoja akaondoka. Mwalimu hakuhangaika, akajua atarudi kama kawaida. Jumamosi ya nne hakurudi, na yule wa pili akaona hana wa kumshinda, naye akabaki kwao. Siku hiyo hiyo fundi baiskeli alitupa karatasi chini na kubamiza mlango. Jumamosi ya tano mwalimu alisimama mlangoni saa tisa, akasubiri hatua za kijana yule mpaka saa kumi. Wa besi walikuja wanne, wakatazamana, wawili wakakumbuka viazi vyao. Wengine walituma salamu tu kwamba hawaji. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake la kuongozea, la satini jekundu lenye vifungo vya dhahabu bandia, akainua mikono mbele ya watu saba. Aliiinua vizuri, kama siku zote. Hakuna aliyevutwa.

Alikaa kwenye benchi. Akamwambia mpiga kinanda kwamba haelewi, ameshika kila kitu kama alivyokuwa akishika, na bado vinamponyoka. Wiki moja imebaki, na neno alilolisema mbele ya wazee liko kwenye daftari.

Mpiga kinanda alikuwa anakunja waya.

"Mwalimu, wewe ulisema kinachoshika ni wewe."

"Nilisema."

"Kitu kisichoonekana hakivai satini nyekundu."

Mpiga kinanda akamwambia basi, yale asiyoyajua miaka kumi na tisa na yeye mgeni ameyajua kwa kupanga tu chumba karibu na stendi ya baiskeli. Kila Ijumaa bibi mmoja wa mstari wa nyuma alipita kwa yule fundi na jembe au sufuria lenye mpini mbovu. Hakutaja kwaya hata siku moja. Alimuuliza habari za mama yake, akamwachia viazi, akaondoka, na Jumamosi fundi akaja. Mabinti wale wawili, kila mmoja alikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili anayesimama nyuma yake tu, na kila mmoja alipopandwa na hasira alihisi kiganja mgongoni. Wale tisa walikutana kila Jumanne, nyumba hii na ile kwa zamu, kupukuchua mahindi, na walikuwa wakifanya hivyo kabla mwalimu hajaletwa usharikani. Kazi ikiendelea walivumisha nyimbo kwa midomo iliyofungwa. Wanaume waliokuja kubeba magunia wakaongeza besi. Mtoto mmoja aliyemfuata bibi yake akapaza sauti, naye ndiye binti wa mabati. Mchungaji wa wakati ule alipita njiani, akasimama, akasema njooni mwimbe Jumapili. Mwalimu alipofika alikabidhiwa kwaya, akaamini ameianzisha.

Je, angekuwa mmoja wetu angefanya nini? Angetafuta wa kumlaumu. Lakini mwalimu, pamoja na maringo yake, alikuwa mtu wa sikio, na sikio lake lilikuwa limekwisha kumwambia. Alikaa siku tatu akitunga maneno ya kuwaomba wale mama warudi. Aliyatunga kama hotuba, yenye mwanzo na mwisho, na mahali pa kufuta machozi. Atawapa viti. Yeye mwenyewe atabaki ikibidi. Jumanne akauliza zamu iko kwa nani, akaenda kwa miguu, bila koti.

Kabla hajafika alisikia. Wimbo wa shindano ulikuwa unakuja kutoka nyuma ya ukuta, bila maneno, umetulia mahali pake pale pale unapotakiwa. Akasimama mlangoni. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka kulizunguka rundo la mahindi, punje zinadondoka kwenye ungo. Na fundi baiskeli alikuwa juu ya gunia, anapukuchua. Mabinti wale wawili walikuwa na ungo mmoja katikati yao, hawaongei, lakini mikono yao inakwenda pamoja. Wa besi walikuwepo, watano. Hata wale waliotuma salamu walikuwepo. Nani aliwaita? Hakuna aliyewaita. Waliteremka tu, kama maji.

Mwalimu alitafuta hotuba yake asiione.

"Mama," akasema, "nimekuja kuwaomba mrudi kwenye kwaya."

Bibi mfupi aliinua macho. Usoni mwake hamkuwa na ushindi, hamkuwa na kinyongo, hamkuwa hata na swali kubwa. Alikuwa hakuelewa, basi.

"Turudi kutoka wapi, baba?"

Na mwalimu akatazama chumba chote, kichwa kwa kichwa, akahesabu wote waliokuwa kwake na sasa wako hapa, na akaona kwamba kati yake na watu thelathini na watano aliokuwa akiwaongoza, aliyekuwa ametoka nje ya kwaya ni mmoja tu. Ni yeye aliyesimama mlangoni.

Mama mmoja, bila kumtazama, alisogea kidogo kwenye mkeka. Mwalimu akakaa. Akapewa hindi.

Tamasha lilipita bila wao. Kosta lilichukuliwa na kwaya ya usharika mwingine, wakaenda, wakawa wa sita. Mwalimu aliacha kuongoza, kama alivyotamka mbele ya wazee, na mpaka leo anaimba besi mstari wa nyuma, na wanasema humsikii.

Mfano umeishia hapo. Sasa ni sisi.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Kila benchi linatikisa. Na kila anayetikisa amekwisha kujikuta ndani ya mfano, na wote mmejikuta mahali pamoja, kwa wale mama tisa. Ni kweli, unasema moyoni, mimi ndiye ninayefagia hili kanisa, ndiye ninayelea hii familia, ndiye ninayeshika huyu mume, na hakuna anayeniona. Kumbe ni mimi. Mnakumbuka ni nani aliyesema maneno hayo? Mnamkumbuka vizuri. Yule aliyejitambua upesi hivyo alikuwa amevaa satini. Wale mama hata hawakujua kwamba wanashika kitu. Ukiwauliza wangesema walikuwa wanapukuchua mahindi.

Wenye darubini wanasema kwa kila kilo moja ya vitu tunavyoviona angani, kuna kama kilo tano za hiyo maada ya giza. Tano kwa moja, wapendwa. Wanasema isingekuwepo, gesi ingekuwa bado inazurura, galaksi hazijajikusanya, hakuna jua letu, hakuna udongo, hakuna wa kulima viazi wala wa kugombania kilemba. Na ukiwauliza ni kitu gani hasa, wanajibu hawajui. Wamejenga mitambo chini ya milima kuitega, bado haijanasa, na wanasema waziwazi kwamba hawajui. Hiyo ni adabu. Sisi tukiulizwa nani ameshika usharika huu tunataja jina mara moja, na mara nyingi ni la aliyeuliza.

Basi tushike mahali petu. Sisi ni ile gesi. Tulikuwa wa moto, tunasukumwa huku na huku, tukapoa kidogo, tukateremkia kwenye bonde, tukajazana, na wengine wetu tukawaka tukaanza kujisifia mwanga. Bonde hatukulichimba sisi. Kuna mtu alikuwa hapa kabla yako. Imani yako unayoiringia, kuna mtu aliyeipigia magoti kabla hujazaliwa. Ndoa yako ambayo haijavunjika, kuna mtu anapita kwako Ijumaa na sufuria bovu, na wewe unafikiri ana sufuria bovu.

Hatutaimba sasa hivi. Tutanyamaza kwanza. Kila mmoja atafute jina la mtu mmoja, mtu wa mwili na damu, aliyemfanya awe amekaa hapo alipokaa asubuhi hii. Msiniambie Mungu, Mungu tunamjua, na yeye ndiye anayewatumia. Jina la mtu. Ukilipata, kabla jua halijazama mfuate kwake, usimpe hotuba, kaa naye umsaidie kazi aliyoishika. Na kama unatafuta na jina haliji, usiseme hakuna. Endelea kukaa hapo. Sisi wengine tutakusubiri.